Shajara ya mradi: kulenga shabaha baada ya miaka sitini

Septemba 2024

Mradi wenyewe ni huu. Nina miaka sitini na mbili, naishi Ujerumani, na nataka kujifunza upya kulenga shabaha kwa bunduki ya upepo, nikiwa nimesimama, umbali wa mita 10, chini ya kocha anayeijua kazi yake. Nimejipa msimu mmoja. Alama za kuanzia ni 318 kati ya 400, yaani risasi arobaini zenye wastani usiofika nane. Lengo ni 355, na nataka ziwe za mashindano, zile za mazoezini sizihesabu.

Watanzania wa rika langu tuliopita Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria tulishika bunduki tukiwa tumetoka tu kidato cha sita. Tulifundishwa bunduki ya kijeshi iitwayo SAR, tukalala kifudifudi kwenye vumbi la uwanja wa shabaha, tukafyatua risasi chache tulizogawiwa, afande akasoma matokeo, basi. Wengi wetu tuliondoka pale tukiamini kuwa kulenga ni kipaji, ama unacho ama huna. Nimeishi na imani hiyo tangu ujana. Sasa naipima, na shajara hii ndiyo mizani.

Huku niliko ni nadra kukuta mji mdogo usio na chama cha walenga shabaha. Shirikisho lao, Deutscher Schützenbund, lilianzishwa mjini Gotha mwaka 1861, na vipo vyama vikongwe kulipita kwa mamia ya miaka. Bunduki ya upepo isiyozidi jouli 7.5, yenye alama ya herufi F ndani ya umbo la pembe tano, mtu aliyetimiza miaka 18 huinunua bila kibali. Nyumbani mambo ni mengine. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na msomaji aliyeko Dodoma au Tanga aanzie kituo cha polisi kabla ya kutoa hata shilingi.

Kwa asiyeujua mchezo huu, duara jeusi la shabaha lina kipenyo cha milimita 30.5, na kumi ni nukta ya nusu milimita katikati yake. Risasi ina kipenyo cha milimita 4.5, na ikiigusa tu ile nukta umepata kumi. Maana yake ni kwamba kitovu cha tundu la risasi kisipotoke zaidi ya milimita 2.5 kutoka katikati. Kila milimita 2.5 nyingine inakula alama. Kwenye bunduki ya chama ninayotumia, kutoka kilengeo cha nyuma hadi cha mbele ni kama sentimita 80. Piga hesabu: kilengeo cha mbele kikihama sehemu mbili za kumi za milimita, unene wa karatasi mbili za daftari, kule mwisho risasi imehama milimita 2.5.

Kwa umri wangu kanuni za hapa zinaruhusu kupiga bunduki ikiwa imeegemezwa kwenye stendi. Wazee wengi wa chama hufanya hivyo, wana mashindano yao hadi ya taifa, na wanaofikisha alama za juu ni mafundi kweli. Mimi nataka kwanza kujua kusimama.

Oktoba

Kocha ana leseni ya daraja A, ya juu kabisa kati ya C, B na A za shirikisho, na umri wake ni wa kifungua mimba wangu. Hapa chamani wote huitana kwa majina ya kwanza, naye ananiita hivyo. Mimi namwita Kocha, kwa sababu mtu anayenifundisha siwezi kumtaja jina tupu.

Siku ya kwanza hakuniruhusu kutia risasi. Alinizunguka. Akachuchumaa kutazama nyayo. Akapiga picha kutoka mbele, nyuma na pande zote mbili, halafu akaubana mkono wangu wa kushoto juu ya kiwiko, ule unaobeba bunduki.

"Hapa pamekaza," akasema. "Huu ni msuli unafanya kazi. Msuli unachoka na ukichoka unatetemeka. Tutautoa kazini, tuuweke mfupa."

Mwezi mzima umekwenda kwenye sentensi hiyo. Bunduki ina uzito wa karibu kilo tano. Ukiibeba kwa nguvu za mkono unaweza kutulia kwa risasi chache, baada ya hapo mkono unaanza kudai haki yake. Ukiibeba kwa mfupa, uzito unashuka kutoka bunduki hadi kiganja, kiganja hadi kiwiko, kiwiko kimekaa juu ya mfupa wa nyonga, nyonga juu ya mguu wa kushoto, mguu sakafuni. Mama aliyejitwika ndoo ya maji anatembea mikono ikining'inia, kwa sababu uti wa mgongo ndio uliobeba. Ndivyo inavyotakiwa.

Kwangu kiwiko hakikufika kwenye nyonga. Mkono wangu wa juu ni mfupi, na kila nilipokifikisha, bunduki ilishuka chini ya jicho nami nikaifuata kwa shingo. Kocha hakunilazimisha. Alibadilisha mkono, nikaacha kuibeba kwa kiganja kilichofunguka na kuiweka juu ya ngumi, bunduki ikapanda sentimita kadhaa. Kisha akatoa bisibisi zake, akashusha bamba la kitako linalokaa begani, akainua kipande kinachokaa shavuni, mpaka kichwa changu kikasimama wima kama cha mtu anayesubiri basi. Alirudia neno moja kila alipokaza skrubu: bunduki ije kwako, wewe usiiendee.

Zoezi la pili la Oktoba lilikuwa mwelekeo. Unajipanga kwenye shabaha, unafunga macho, unapumua mara mbili tatu, unafungua. Bunduki imeelekea wapi? Yangu ilikuwa kulia, kila mara, upana wa duara zima. Kwa hiyo katika kila risasi nilikuwa naivuta irudi kushoto kwa mkono bila kujua, na wakati wa kufyatua ule mvuto unalegea. Dawa yake ni kusogeza mguu wa nyuma kidogo sana, kufunga macho tena, kuangalia tena. Mkono hauguswi. Peke yangu nisingeligundua hili hata kwa miaka kumi, maana macho yakiwa wazi mwili husahihisha kimyakimya na wewe unadhani umenyooka.

Novemba

Mgongo. Mkao wa kusimama unataka nyonga isogee mbele kuelekea shabaha na kifua kirudi nyuma kidogo ili uzito usawazike. Uti wa mgongo wa kijana unapokea hilo bila neno. Wangu ulilalamika. Kocha alipunguza risasi akaongeza mapumziko, na akanipa koti na suruali za mchezo, zile ngumu zinazosimama zenyewe ukiziweka sakafuni. Ugumu wake una mipaka ya kanuni na hupimwa kwa mashine kwenye mashindano makubwa. Kazi yake ni kuushika mgongo usilegee kati ya risasi na risasi. Nyumbani nasimama kwa mguu mmoja ninapopiga mswaki, asubuhi kulia, jioni kushoto. Wiki za kwanza nilishika sinki.

Desemba

Macho yanastahili maelezo marefu, kwa sababu hapa ndipo watu wa umri wetu wengi hukata tamaa wakidhani mchezo umewaaga.

Lenzi ya jicho hukakamaa kadiri miaka inavyokwenda. Ukivuka arobaini unaanza kusoma gazeti kwa mkono ulionyooka. Kwenye bunduki jicho lina kazi tatu kwa pamoja: tundu la kilengeo cha nyuma lililo karibu na kope, pete ya kilengeo cha mbele iliyo mbali kidogo ya mkono ulionyooka, na duara jeusi mita kumi mbele. Hakuna jicho la binadamu linaloona vyote vitatu kwa ukali mmoja. Kijana huruka haraka kati ya pete na shabaha. Mimi siruki tena.

Miwani yangu ya kila siku ina nguvu zinazobadilika kutoka juu hadi chini, juu kwa ajili ya mbali, chini kwa kusomea. Kichwa kikiinama kidogo tu kwenye kitako, natazama kupitia sehemu nyingine ya lenzi, na kesho kupitia nyingine tena. Kocha alinipeleka kwa fundi miwani anayehudumia walenga shabaha. Fremu yao ina lenzi moja ya duara inayosogezwa juu, chini na pembeni hadi mstari wa jicho upite katikati yake na lenzi iukabili wima. Nguvu aliyoweka ni ile ya miwani yangu ya mbali, akaongeza +0.50. Nusu hiyo inauleta ukali wa macho hadi mita mbili hivi, kati ya pete na shabaha. Kisha tundu dogo la kilengeo cha nyuma linafanya kazi ileile inayofanywa na tundu la kamera likibanwa, linapanua eneo linaloonekana vizuri mbele na nyuma ya hapo. Pete inakuwa kali, duara jeusi linakuwa na ukungu mwembamba pembeni, na Kocha anasema huo ukungu nisigombane nao.

Tundu la nyuma tumeliweka kwenye milimita 1.2. Ukilibana zaidi picha inakuwa kali kidogo lakini giza linaingia, na mboni ya mzee tayari inapokea mwanga kidogo kuliko ya kijana.

Halafu pete ya mbele. Iliyokuwa kwenye bunduki ilikuwa na kipenyo cha milimita 3.6, ikiacha uzi mwembamba mweupe kulizunguka duara jeusi. Kwa akili ya kawaida, pete inayobana ndiyo sahihi zaidi. Kocha aliweka ya 4.3. Uzi mweupe ukawa mkanda, na ghafla duara jeusi likaacha kurukaruka. Alinieleza sababu: ule uzi mwembamba ulikuwa unaonyesha kila mtikisiko mdogo, jicho linashtuka, kidole kinasita. Mkanda mpana jicho linauweka sawa pande zote lenyewe, bila amri yako. Jicho la kushoto silifumbi tena, kwa kuwa kulikunja kunachosha na la kulia pia. Nimelining'inizia kipande cheupe cha plastiki kwenye fremu.

Mazoezi ya mwisho wa mwaka: 334.

Januari 2025

Huu ndio mwezi uliobadilisha mradi.

Kocha alileta kifaa cha SCATT. Ni kihisi kidogo kinachofungwa chini ya mtutu na kuchora kwenye skrini njia yote ambayo bunduki imepita juu ya shabaha. Mstari wa kijani ni kuingia na kushika, wa njano ni sekunde ya mwisho, wa buluu ni sehemu mbili za kumi za sekunde kabla ya risasi kutoka, mwekundu ni baada yake. Unaweza kupiga bila risasi kabisa.

Nilitarajia kuona mzee anayetetemeka. Tulichoona ni kwamba kati ya sekunde ya nne na ya saba baada ya kutulia, mstari wangu ulikaa ndani ya tisa, mara nyingi ndani ya kumi. Ulikuwa mstari mzuri. Kocha aliunyooshea kidole bila kusema neno. Halafu mstari unaanza kupanuka, sekunde ya tisa, ya kumi, unatoka hadi saba, na hapo, ya kumi na moja au kumi na mbili, ndipo buluu inapotokea. Risasi baada ya risasi.

Kumbe uwezo wa kutulia ninao. Nilikuwa naupita na kuuacha nyuma nikisubiri picha iliyo nzuri zaidi. Mtu akishikilia pumzi, oksijeni inapungua na jicho ni miongoni mwa viungo vya kwanza kuhisi. Tena, ukikodoa kitu kimoja sekunde nyingi, jicho linaendelea kukuonyesha picha ya zamani. Unaona duara limetulia wakati bunduki imeshaondoka.

Kocha akauliza: "Leo umeshusha bunduki mara ngapi bila kupiga?"

Hata mara moja.

JKT hatukufundishwa kushusha. Amri ikitolewa, unapiga. Hapa kanuni mpya ni kwamba sekunde ya nane ikipita kidole kinatoka kwenye triga, bunduki inarudi kwenye stendi, unapumua, unaanza upya tangu nyayo. Mashindano ya kimataifa yanatoa saa moja na robo kwa risasi sitini, muda unatosha kushusha na kushusha tena. Kocha aliniambia kwamba wapigaji bora aliowafundisha anawatambua kwa risasi wanazokataa kupiga, na mimi tangu siku hiyo nimekuwa nikiwatazama wenzangu ukumbini kwa jicho hilo. Ni kweli.

Ilikuwa ngumu kuliko kusogeza nyonga. Kushusha kunafanana na kushindwa, na mtu mzima aliyezoea kumaliza anachokianza anaona haya mbele ya watu. Mwishoni mwa Januari nilikuwa nashusha karibu risasi moja katika kila nne. Alama 346.

Februari

Zimekwama 345, 347, 344. Kocha haonekani kujali.

Jambo la afya ambalo kila mlenga shabaha wa umri wetu alijue. Nina presha, namshukuru Mungu inadhibitiwa. Baadhi ya dawa za presha, kundi la betabloka, hupunguza mapigo ya moyo na kutuliza mtetemo, na kwa sababu hiyo zimepigwa marufuku katika mchezo wa shabaha, ndani na nje ya mashindano. Kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, Kim Jong-su wa Korea Kaskazini alinyang'anywa medali mbili za bastola kwa sababu ya propranolol. Nilimweleza daktari wangu, akathibitisha kwamba kidonge changu ni cha kundi lingine. Anayetumia betabloka asiziache kwa ajili ya mchezo hata siku moja. Azungumze na daktari, na moyo wake utangulie mbele ya alama.

Machi

Triga. Ya bunduki hii ina hatua mbili: unaivuta hadi ukuta, unasimama hapo, kisha gramu chache zaidi zinaiachia. Kocha ananitaka nifike ukutani kabla bunduki haijatulia, ili ikitulia kidole kiwe kimeshafika. Kidole kinavuta kurudi nyuma moja kwa moja, kwa nyama ya ncha yake, na hakigusi mbao ya kitako. Baada ya mlio unabaki pale pale, jicho kwenye pete, hadi sekunde mbili zipite. Risasi ya upepo haiendi kasi kama ya baruti, inatumia muda kutoka kwenye mtutu, na anayeinua kichwa kuchungulia matokeo anaisukuma ingali ndani.

Zoezi lake nililolipenda ni ukuta mweupe. Hakuna shabaha. Unasimama mbele ya ukuta, pete ndani ya tundu, unafyatua bila risasi ukiangalia kama pete imeruka. Bila duara jeusi la kuogopa, kidole kinajifunza. Nalifanya nyumbani kila jioni kabla ya taarifa ya habari.

Ndugu mmoja kutoka Moshi, tunaonana kwenye mikutano ya Watanzania, alinisikia nikieleza haya akacheka: "Mzee, hayo si mambo ya vijana?" Nikamsimulia habari za Oscar Swahn wa Sweden, aliyepata dhahabu ya Olimpiki ya timu mwaka 1912 akiwa na miaka 64, na fedha huko Antwerp mwaka 1920 akiwa na 72. Bado hakuna aliyepata medali ya michezo ya Olimpiki akiwa na umri mkubwa kuliko huo. Na Nino Salukvadze wa Georgia, aliyeanza kwa dhahabu Seoul mwaka 1988 na kufika Paris mwaka jana akiwa na miaka 55, Olimpiki yake ya kumi. Kocha wake alikuwa baba yake, Vakhtang. Hilo la mwisho ndilo linalonigusa. Mtu aliyekwisha shika dhahabu ya dunia bado alihitaji macho ya mwingine nyuma ya bega lake.

Mei

352 mazoezini, kisha 355, kisha 361. Kocha amebadilisha kazi: hatazami tena nyayo wala kiwiko, anatazama ninavyopumua kabla ya kuinua. Amegundua kwamba risasi zangu mbovu hutangulizwa na pumzi fupi. Sasa kila risasi ina mpangilio uleule, naunena moyoni kwa Kiswahili: nyayo, nyonga, shavu, pumzi, ukuta, baki. Alitaka kujua maana ya kila neno, akayaandika kwenye daftari lake.

Julai

Mashindano ya vyama jirani. Ukumbi umejaa, taa kali, mshindani wa kulia kwangu msichana wa miaka kama kumi na sita aliyepiga 388 kwa utulivu wa kushangaza.

Zangu, kwa mafungu ya risasi kumi kumi: 84, 89, 90, 90. Jumla 353.

Lengo lilikuwa 355, zimepungua mbili, na naziandika zilivyo. Alama 35 juu ya nilikoanzia, katika mwili uleule, jicho lilelile. Kuhusu kipaji nimepata jibu langu: kiwiko, pete, sekunde ya saba na pumzi fupi vyote vilionekana na mtu mwingine kabla sijaviona mimi, na vyote vilirekebishika.

Kocha alisoma karatasi ya matokeo nje, kwenye benchi. Hakuanza na jumla. Aliweka kidole kwenye 84. Risasi kumi za kwanza zote zilikuwa zimekwenda juu kulia, na kifaa cha mazoezini hakijawahi kuonyesha hivyo. Anadhani mwelekeo wangu hubadilika nikivaa koti nikiwa na wasiwasi, na kwamba risasi za majaribio kabla ya kuhesabiwa nazimaliza haraka mno bila kurudia kufunga macho. Agosti tunaanzia hapo: dakika kumi na tano za maandalizi, tutazifanyia mazoezi peke yake, saa mkononi, na watu wengine ukumbini wakipiga kelele.